Konyo la karafuu ukurasa wa 19

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua mlango wa maktaba kwa kuusukuma na bega, maana tangu masika mbao zimevimba. Njia nzima kutoka kwetu hadi skuli karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, na harufu yake naingia nayo ndani. Msimu wa karafuu ndio huo Pemba, na kwa mkutubi maana yake ni moja: vitabu havirudi kwa wakati.

Saa moja naweka vishikwambi kwenye chaji. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na wenzangu wanaokumbuka majenereta ya Wesha hunambia siku hizi tunadeka. Sawa, lakini tukuza ya skuli, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, asubuhi hii inasoma yuniti tatu. Nachagua vishikwambi sita, vyengine vitasubiri.

Saa mbili wanaingia darasa la tatu. Programu ya hadithi inafanya kazi bila intaneti, na mtoto akifika ukurasa wa mwisho inampigia alama ya vyema. Kijana mmoja kamaliza hadithi kumi na moja kwa robo saa. Namuuliza ya mwisho ilihusu nini.

"Kulikuwa na ndovu, ticha. Wa buluu."

Basi. Ripoti itakayokwenda ofisini itasema kasoma kumi na moja.

Lakini pembeni ya dirisha kakaa binti mmoja ambaye kitabu cha karatasi hukiweka karibu kugusa pua. Kwenye kioo anazitanua herufi kwa vidole viwili mpaka neno moja linajaa upana wote, anasoma, anasogeza, anasoma. Polepole, lakini anasoma. Mwaka jana tulikuwa tunamwita mvivu, na mimi nilikuwamo. Kwa hiyo wanaponiuliza kama naipenda teknolojia au siipendi, jibu langu hutegemea wamenikuta namtazama nani.

Saa nne, mapumziko. Ndoo ya maji iko mlangoni, anayetoka kula maandazi ananawa kwanza. Hata hivyo alama za mafuta zimo vitabuni, na nikipanga rafu ndizo ninazozitazama. Kitabu safi baada ya miaka mitatu hunitia huzuni.

Hapo ndipo kaingia mtoto wa darasa la tano, kitabu kakibana kwapani. Kimechelewa wiki tatu.

"Shikamoo ticha."

"Marahaba. Hiki kilikuwa kirudi lini?"

"Bibi kakizuia."

Nakifungua. Ukurasa wa 19 pana konyo la karafuu, kile kijiti kinachoshika vichwa vyake, limekauka, limewekwa kama alama ya walipofika. Anaeleza. Usiku kwao wote wanazunguka mkeka kuchambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Mikono ina kazi, midomo haina. Zamani bibi ndiye aliyekuwa akitoa hadithi. Sasa sauti inamkatika, kwa hiyo mjukuu kasamehewa kazi ili awasomee.

"Mie nachambua kwa mdomo, ticha."

Na bibi ana malalamiko. Kitabu kinasema kima alichukuliwa mgongoni na mamba, wampeleke wakamtoe moyo. "Bibi kasema hakuna mamba. Papa! Mamba Pemba katoka wapi?"

Bibi hakukosea. Hadithi hii imesafiri, na kila bandari imebadilisha mnyama. Kwa Wahindi, kwenye Panchatantra, ni mamba. Kwenye Kalila wa Dimna ya Waarabu ni kobe. Mmishonari wa Kiingereza Edward Steere alipochapisha London mwaka 1870 ngano alizozisikia Unguja, kima alipanda mgongoni mwa papa, akamdanganya kwamba moyo wake kauacha mtini, akarudishwa pwani na kuruka zake juu ya mkuyu. Kitabu chetu kimeitoa huko kwengine. Nambari ya rafu ya ngano ni ileile, 398.2, awe papa awe mamba.

Adhuhuri, sala, wali kwa mchuzi wa kisamvu. Mkondo wa mchana unaingia, na mie nina vipindi viwili vya Kiswahili ambavyo havina la kusimulia.

Saa nane u nusu nampata maalim wa TEHAMA, tunamwita yule mtoto atoe hadithi kama anavyoitoa bibi, turekodi. Kishikwambi kimesimamishwa kwa rundo la kamusi. Mtoto kakohoa, kakiangalia.

"Paukwa!"

Kimya. Kageuka kwangu.

"Hakijajibu."

Maalim kacheka mpaka kaegemea kabati. Ikabidi tuwaite wasichana watano waliokuwa wakifagia ukumbini, na ufagio wao. "Paukwa!" "Pakawa!" Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, vijino kama chikichi, wote kwa pamoja, na hapo tu ndipo hadithi ikatoka. Papa alikuwa katikati ya bahari adhana ya alasiri ilipoingia. Imo ndani ya rekodi, nimeiacha.

Tulipokuja kuandika, maalim alitaka kila "kenda" iwe "alikwenda" na "kamwambia" iwe "akamwambia". Nikamwambia aache. Hadithi ya bibi huyu ikichapwa kwa ajili ya rafu yetu, mwenyewe akisomewa aijue kuwa ni yake. Tumebishana mpaka saa kumi, na bado hatujamaliza. Tahajia tutasawazisha, vitenzi sivigusi.

Nafunga madirisha. Mtoto bado kasimama mlangoni.

"Na wewe?"

"Bibi kasema leo anipe ticha kitabu kirefu. Karafuu bado nyingi."