Ndege wa bahari St Ives, upepo wa vuli ukigeuka

Kwenye rasi ya St Ives, kusini-magharibi mwa Uingereza, dhoruba peke yake haitoshi kwa mtu anayetaka kutazama ndege wa bahari. Upepo uanze kuvuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi, kisha ugeuke utoke magharibi au kaskazini-magharibi. Hapo ndipo ndege waliosukumwa ndani ya ghuba hupita karibu na miamba wakirudi Atlantiki. Usipogeuka, utahesabu mawimbi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yake.

Fika kabla hakujapambazuka. Kaa chini mahali penye ukuta wa kukukinga, fupisha miguu ya tripodi inayobeba teleskopu, uning'inize begi katikati yake isitikisike. Ukuzaji wa mara 30 unatosha; wa mara 60 hukuza na mtikisiko, ndege akapotea. Elekeza teleskopu kulia, upande wa mnara wa taa wa Godrevy, maana wengi hutokea huko wakienda kushoto.

Lenzi ikirushiwa maji ya chumvi, usiifute kavu: chembe za chumvi huikwaruza. Imwagie kwanza maji ya kunywa, halafu kitambaa laini cha pamba.

Anayestahili baridi yote hiyo ni petreli wa Leach, ndege mdogo wa bahari: sentimita 20 hivi, kahawia iliyokoza, mkia wenye panda, na doa jeupe juu ya mkia ambalo mara nyingi hukatwa na mstari wa kijivu. Huruka kwa kudundadunda, akikata kona ghafla. Akizama nyuma ya wimbi, usihangaike kumtafuta hapo. Sogeza teleskopu mbele kidogo, umsubiri aibuke.