Nilienda na "Kuvuka", nikarudi na "Kaa"

Mwaka ule nilikuwa nimeshajiandikia neno langu kabisa, kwa maka peni nyeusi, karatasi nikaibandika juu ya kioo: KUVUKA. Si unajua tunavyofanya mwanzo wa mwaka, mwingine neno lake Upenyo, mwingine Kuinuliwa, mimi nikaona Kuvuka linanifaa maana kulikuwa na mambo nilitaka niyapite tu niyaache nyuma yangu, madeni, kazi iliyonichosha, na zaidi ya yote hali ya mzee.

Mzee wangu alikuwa amepata kiharusi mwaka mmoja kabla. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Hiyo ya maneno ndo ilinishinda. Mkono na mguu mtu unavumilia, unamshika, unamgeuza, unamlisha, lakini kukaa mbele ya mtu aliyekuwa anapiga stori mpaka watu wanasahau kwenda kulala, saivi anakuangalia, anafungua mdomo, inatoka sauti moja ileile, anajaribu tena, ileile, alafu anafunga macho kama mtu aliyeaibika... nilikuwa siwezi. Nafika, nasimama karibu na mlango, nauliza amekula, naacha hela ya dawa, dakika 10 nishaangalia saa. "Mzee ngoja niwahi, ntarudi." Tulimwekea redio pembeni ya kitanda asijisikie mpweke na ilikuwa haizimwi, na mimi niliipenda sana ile redio kwa sababu ilikuwa inaongea badala yangu. Mdogo wangu wa kike ndo alikuwa anashinda naye, na hakuwahi kunisema hata siku moja, na huko kutonisema ndo kuliniuma kuliko angenitukana.

Basi kuna rafiki akaniambia habari za mafungo ya kimya, yaani unajitenga kusali bila kuongea, siku 8. Sitadanganya, sikwenda kumtafuta Mungu, nilienda kupumzika mbali na watu.

Unafika, simu unaizima, unaitia kwenye bahasha, unaandika jina lako juu, unaikabidhi. Kuanzia hapo hakuna kuongea, mezani, njiani, popote, mtu mkikutana unainamisha kichwa mnapishana. Unafungua mdomo mara moja tu kwa siku, nusu saa hivi, ukiwa na anayekuongoza. Wangu alikuwa sista mmoja mzee ambaye kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinalia kwi kwi, kwa hiyo kwenye kimya kile chote ulikuwa unajua Sista yuko wapi saa yoyote. Siku ya kwanza akanieleza mafungo ya namna hii yametokea wapi, kwamba Ignasi wa Loyola alikuwa askari, mwaka 1521 kule Pamplona mzinga ukamvunja mguu, akalazwa miezi, hana la kufanya, akaanza kuangalia tu nini kinapita moyoni mwake. Mwaka uliofuata akaenda Manresa akakaa karibu mwaka mzima anasali na kuandika, na yale maandishi ndo yakaja kuwa Mazoezi ya Kiroho, Papa Paulo III akayapitisha 1548. Yenyewe kamili ni siku 30, sisi wenye kazi na watoto ndo tunapewa hizi 8. Mimi katika yote yale kilichonibaki kichwani ni kwamba kumbe jambo zima lilianza na mtu aliyeshindwa kuinuka kitandani.

Siku hiyo nililala. Yaani nililala mchana, nikaamka nikasali kidogo, nikalala tena, na usiku nikalala. Kesho yake nikamwendea Sista na uso wa mwizi. Akaniuliza, "Elia alipochoka akaomba afe, malaika alimpa nini kwanza?" Nikasema mahubiri. Akacheka. "Soma 1 Wafalme 19 mwanangu. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, siku 40 za kutembea."

Siku ya pili ndo nikagundua kimya kina kelele. Hakuna aliyeniambia hili. Ukinyamaza nje, ndani kunafunguka soko. Nilikumbuka madeni yote, nikamjibu bosi wangu majibu ambayo ningemjibu miaka mitatu nyuma, nikaimba tangazo la sabuni asubuhi nzima kanisani. Na mezani palikuwa na jamaa anakaa mbele yangu, anakwangua sahani na kijiko mpaka meno yanakufa ganzi, kwaru, kwaru, mpaka punje ya mwisho. Nilimchukia yule mtu, simjui jina, sijawahi kusikia sauti yake, ila kufika siku ya tatu nilikuwa nishamfungulia kesi, nishamhukumu, nishamfunga. Alafu siku hiyohiyo nikaona kitu. Kila mlo alikuwa anakisogeza kichupa cha chumvi mpaka upande wangu, bila kuinua uso, kwa sababu aliona siku ya kwanza nilivyokuwa naangaza macho naitafuta na siwezi kuomba. Siku tatu ananipitishia chumvi na mimi namhukumu. Nilikula kile chakula nimeinama kweli.

Siku ya tatu Sista akanipa Yohana 15. Akasema soma polepole, na akanifundisha zile ngazi nne za Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, alafu taamuli, ile ya kukaa tu kimya mbele za Mungu. Guigo anasema kusoma ni kutia chakula mdomoni, kutafakari ni kutafuna, kusali ndo unaipata ladha yake, na taamuli ni ule utamu wenyewe. Mimi nikasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani. Nikarudi kesho yake nimejaza kurasa nne. Hata hakuziangalia.

"Neno gani limekushika?"

"Huzaa sana. Mstari wa 5."

"Hilo umelishika wewe. Neno likushike lenyewe. Nenda."

Nikatoka nimenuna kidogo. Nikakaa kwenye benchi nikasoma tena, safari hii bila kalamu, na ndo nikaliona, kaeni ndani yangu, lisipokaa, msipokaa, akaaye, asipokaa... nikaanza kuhesabu kwa kidole. Toka mstari wa 4 hadi wa 10, neno kukaa liko mara 10. Mistari saba! Limekaa pale wazi kabisa na mimi nimekimbilia kwenye matunda. Na sikulipenda, nasema ukweli. Nilitaka neno lenye mbio, neno ambalo ukiliandika juu ya kioo linakusukuma. Kaa? Hata mtoto mtukutu anaambiwa kaa. Nikajaribu kulikwepa kwa kujichekesha, nikajisemea kaa ni yule mdudu wa baharini anayetembea upandeupande, basi ndo mimi huyo, namwendea Mungu kwa ubavu. Ila nikakumbuka kuna kaa jingine, lile kaa la moto la Isaya 6 ambalo serafi alilitwaa kwa koleo madhabahuni akamgusa nalo midomo, na hapo kicheko kikakata chenyewe.

Usiku wa siku ya nne nikafungasha. Sijui nieleze vipi, hakuna kilichotokea, ila moyo ulikuwa mkavu kama ganda, sala haipandi, nikaona nimepoteza muda, nikaona hawa watu wanaigiza, nikaona hata Mungu pengine. Nikakunja nguo, nikafunga zipu, nikapiga hesabu nitaondoka alfajiri kabla kile kiatu hakijaanza kulia kwenye korido. Sababu nilikuwa nazo, mimi sababu za kuondoka sijawahi kukosa. Nilipokuwa navaa viatu nikakumbuka Sista alivyosema siku ile ya kwanza na sikuwa nimetilia maanani, kwamba Ignasi ana maelekezo mawili kwa mtu aliyefika kwenye ukiwa, ndivyo wanavyouita ule ukavu. La kwanza, ukiwa humo usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na amani. La pili ndo lilinikamata, kwamba kama ulipanga kusali saa nzima na saa haiendi, usipunguze hata dakika, tena ongeza kidogo.

Nikaenda kanisani na begi langu. Nikakaa benchi la nyuma, begi mapajani kama mtu anayesubiri basi. Nikasema haya, saa moja na dakika tano, alafu naondoka.

Sikusikia sauti. Watu wakisimulia mafungo wanapenda kusema "Mungu akaniambia", mimi hakuniambia kitu. Ila kama dakika ya 40 hivi ilinijia sura ya mzee, sio alivyokuwa zamani, alivyo sasa, na sio akihangaika na maneno, hapana, ni ile sekunde ninaposema ngoja niwahi. Nikagundua kumbe huwa naangalia saa, naangalia mlango, naangalia redio, sijawahi kuangalia uso wake ninaposema yale maneno, na bado uso nilikuwa nao wote kichwani, na haukuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anatikisa kichwa, haya, nenda. Ananiruhusu. Nililia pale mpaka kamasi, sina leso, nikatumia mkono wa sweta iliyokuwa juu juu ya begi. Saa ilipita sikuiona.

Nikamweleza Sista asubuhi yote, mzee, dakika 10, redio, begi. Nikamwambia tatizo sijui niseme nini nikiwa mbele yake. Akakaa kimya muda mrefu, alafu akanipa Ayubu 2 mstari wa 13, pale marafiki watatu walipoketi chini na Ayubu siku saba mchana na usiku bila mmoja wao kusema neno. "Walikosea walipofungua mdomo," akasema. "Zile siku saba walifanya vizuri kabisa."

Siku zilizobaki sina la kusimulia, zilikuwa nzuri, nilikula, nilitembea, yule jamaa aliendelea kukwangua sahani na nikawa naisikia kama saa ya ukutani. Siku ya mwisho tuliporuhusiwa kuongea alikuja kunisalimia na sauti yake ilikuwa nyembamba ajabu, tofauti kabisa na niliyomtungia.

Ile karatasi ya KUVUKA sikuibandua. Niliandika kaa chini yake kwa kalamu ya kawaida, herufi ndogo.

Nikaenda kwa mzee siku ya pili yake. Nikavuta kiti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mwaka mzima, nikakaa upande wake wa kushoto, ule mzima. Dakika 10 za kwanza zilikuwa mateso, simu inatetemeka mfukoni, miguu inawasha, redio inapiga kelele za mpira. Akajaribu kuongea, ikatoka ile sauti, sikuikatiza na sikumwambia usijali mzee. Nikasubiri. Akajaribu tena. Alafu nikaona mkono wake wa kushoto juu ya shuka unagonga, kidole kimoja, tap tap, unasimama, tap tap. Nilishauona mara nyingi ule mkono nikadhani ni ugonjwa. Ilinichukua kama nusu saa nzima kufuata kile kidole kinakoelekea, maana hakikuwa kinagonga tu, kilikuwa kinaonyesha.

Nikanyoosha mkono nikaizima redio.

Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akageuza kichwa akaniangalia. Tukakaa hivohivo. Sijui muda gani, mpaka mwanga wa dirishani ukahama kwenye shuka ukafika ukutani, na mdogo wangu akaingia na beseni la maji, akasimama katikati ya chumba akashangaa.

"Redio imekufa?"

"Nimeizima. Alikuwa haitaki."

Akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akaangalia kiti.

"Kaka," akasema, "we bado upo?"