Pedi ya Ndani

Jumamosi iliyopita, kabla jua la Dodoma halijawa kali, nilifanya kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu turudi kutoka msibani Iringa: nilibadilisha mwenyewe diski za breki za mbele za gari letu, yale masahani ya chuma yanayozunguka na gurudumu, pamoja na pedi zinazozibana. Ninaandika haya kucha zangu zingali nyeusi, kwa sababu nilichokikuta kwenye gurudumu la kushoto bado kinanisumbua.

Siku ile tukiteremka milima ya Nyang'oro kuelekea Mtera, usukani ulitetemeka kila nilipokanyaga breki. Nilirudi gia ndogo, nikaiacha injini ilizuie gari, wala sikumwambia mke wangu lolote. Tangu hapo, kila nilipomaliza kuosha gari, nilikuwa nikichuchumaa na kuchungulia pedi kupitia matundu ya rimu. Niliziona nene, nikainuka nikiwa nimeridhika.

Nililegeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikapiga jeki, kisha nikaliegemeza gari juu ya stendi, kwa maana jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Kalipa, kile kibanio kinachozibana pedi kwenye diski, ilishikwa na boliti mbili za spana namba 14. Nilipoiondoa na kuzichomoa pedi, ile ya nje ilikuwa nene kama nilivyozoea kuiona. Ile ya ndani, ambayo hakuna tundu la rimu linaloionyesha, ilikuwa imekwisha kabisa, limebaki bati tupu ambalo tayari lilikuwa limeanza kuchora mifereji kwenye diski.

Nilikaa chini mchangani nikiwa nimezishika zote mbili. Pistoni ya kalipa ya gari letu iko upande wa ndani pekee: inaisukuma pedi ya ndani kwanza, kisha kalipa nzima inapaswa kuteleza juu ya pini zake mbili ili iivute pedi ya nje nayo ibane. Pini moja ya kwangu ilikuwa imeganda. Kipira kinachoikinga kilichanika siku nyingi, na vumbi letu la hapa, ambalo mwezi wa Agosti huingia hata kwenye kabati la vyombo, lilikuwa limechanganyika na grisi kuukuu likawa kama udongo wa kufinyangia. Kwa hiyo pedi moja ilifanya kazi ya mbili. Wala sikusikia mlio wowote wa kunionya, kwa sababu pedi zile, ambazo nilizichagua mwenyewe kwa unafuu wake, hazikuwa na kile kibati kidogo cha kukwaruza diski pedi inapokaribia kwisha.

Diski yenyewe iligoma kutoka. Nilikaribia kuipiga nyundo kwa hasira, kisha nikaona juu yake yale matundu mawili yenye nyuzi za boliti, nikaingiza boliti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikaachia kwa kishindo. Nilipoipima kwa venia ya kuazima, kile kifaa cha kupimia unene, unene wake ulikuwa chini ya kipimo cha mwisho kilichochongwa juu yake. Wakati huo kalipa nilikuwa nimeining'iniza kwa waya wa kufungia nondo, ili uzito wake usivute mpira wa mafuta ya breki.

Mengine yalikwenda upesi: kufuta mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya, kubadilisha vipira, kusafisha pini na kuzipaka grisi isiyoyeyuka kwa joto, na kuirudisha pistoni ndani taratibu kwa kibanio cha useremala huku nikichungulia kopo la mafuta ya breki lisifurike, maana mafuta hayo hula rangi ya gari. Upande wa kulia ulichukua nusu ya muda, na pini zake zilikuwa nzima.

Nilipoketi kwenye usukani na kukanyaga pedali, ilizama hadi sakafuni. Nilijua kwamba ingezama, kwa sababu pistoni ilikuwa imerudishwa nyuma na ilihitaji kusogea tena hadi kwenye pedi, lakini kujua hakukuuzuia moyo wangu kushtuka. Nilipampu mara tano, sita, hadi ikawa ngumu chini ya mguu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

“Baba Neema,” akaniuliza, “na atakayeliendesha wa kwanza ni nani?”

“Ni mimi, na peke yangu,” nikamjibu, naye akacheka, ingawa hakunipinga.

Alfajiri ya Jumapili nililipeleka kwenye barabara ya Iyumbu ikiwa tupu. Nilikwenda kilomita 60 kwa saa, nikapunguza mwendo polepole bila kusimama, nikaliacha litembee ili diski zipoe, kisha nikarudia tena na tena mpaka pedi zikakaa sawa. Usukani ulitulia. Niliporudi nilizikaza tena nati zote kwa mpangilio wa msalaba, nikamsimulia mke wangu habari za Nyang'oro, naye akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kisha akaniuliza kuhusu magurudumu ya nyuma. Breki za huko ni za dramu, zimefichwa ndani ya kifuniko cha chuma, na hata ukichuchumaa namna gani huoni kitu mpaka ufungue. Spana nimeziacha nje kwa ajili ya Jumamosi ijayo.