Nimerudi Bukavu, nikaenda kuona maji yanapotokea

Ndugu zangu wa Bukavu, mlio mbali na mlioko nyumbani, nimefika salama. Nilishukia Kigali, nikapanda basi linalopita msitu wa Nyungwe. Huko juu kuna mgongo wa milima unaogawa maji: mvua ya upande wa mashariki inaenda Nile, ya upande wa magharibi inateremka kuelekea kwetu, na mwisho wake ni mto Kongo. Zamani nilipita hapo nimelala. Safari hii nilikodoa macho dirishani mpaka Kamembe, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya Bukavu.

Miaka yote niliyokaa Ubelgiji, kila aliyeniuliza kwetu kukoje nilimwelezea Ziwa Kivu. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na limebanwa na milima kila upande: mashariki milima ya Rwanda, magharibi Mitumba na Kahuzi inayopita mita 3,300, kaskazini volkano za Virunga. Idjwi iko katikati, kisiwa kikubwa kiasi kwamba mgeni akiwa kwenye boti hudhani ni ng'ambo. Lakini mto unaotoka ziwani, Ruzizi, sikuwa nautaja. Kwetu ulikuwa mpaka tu kati ya Kongo yetu na Rwanda, mahali pa kuonyesha karatasi.

Basi siku ya pili nilimwomba dada yangu mkubwa tuteremke mpaka pale ziwa linapoishia. Ni pembamba mno! Maji ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 470, pamoja na mito yote ya milimani inayoingia humo, yana mlango huu mmoja tu wa kutokea, na mlango wenyewe uko pembeni mwa mji wetu.

Wala haukuwa hapo tangu mwanzo. Kale, maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, Ziwa Edward, hadi Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakakosa pa kwenda, yakajaa, yakapanda, hadi yakapata upenyo huku kusini. Kuanzia hapo yanaporomoka karibu mita 700 ndani ya kilomita 120 hivi, yanaingia Ziwa Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaufuata Kongo hadi Atlantiki. Maji yaliyokuwa ya Misri yakawa yetu. Nikiwa shuleni nilikariri majina ya maziwa yote haya, na hakuna aliyetueleza kwamba yameunganika hivi.

Mporomoko huo ndio unaotupa umeme. Bwawa la Ruzizi I lipo hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, chini yake, tangu 1989.

Sasa lililoniuma. Mbele ya bwawa maji hayaonekani. Chupa za plastiki, mifuko, makopo ya mafuta, ndala, vyote vimeshonana, na ndege wanatembea juu yake bila kulowa miguu. Dada alinionyesha kidole mlimani kwenye mitaa: mvua ikinyesha, kila kilichotupwa kwenye mfereji huko juu kinashuka ziwani, na mkondo unakivuta hadi hapa. Plastiki ikiziba mashine, umeme unakatika kwa sisi tuliotupa na kwa jirani ambaye hakutupa. Milima hii haina pa kuficha takataka. Kila kitu kinateremka.

Jioni tulikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na ugali. Hata sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika miaka hiyo hiyo ya bwawa, na leo wavuvi wanaofunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuwasha taa usiku wanawategemea wao.

Mlioko nyumbani nawaomba jambo moja. Niambieni mfereji wa mtaa wenu unamwaga wapi, na kama kuna vijana wanaouzibua kabla ya mvua. Nataka kuanza na wa kwetu Kadutu wiki hii, na koleo ninazo.