Nyumba ya ushirika Toronto: foleni isiyo na dalali

Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukiwa kwenye chai, mama mmoja aliyehamia hapa Toronto kutoka Bukavu aliniuliza kama ni kweli kwamba nyumba za ushirika hazipatikani mpaka umjue mtu ndani. Kabla sijafungua mdomo, waliokuwa jirani walishamjibu: ndiyo, ni kweli, usijisumbue. Iliniuma. Si kweli, na maneno hayo yamewafanya watu wetu wengi wasijaze hata fomu moja.

Mimi niko kwenye orodha. Nimefanyiwa usaili, nimekubaliwa kuwa mwanachama, nasubiri nyumba ya vyumba viwili iachwe wazi. Nilipoanza sikuwa namfahamu mtu hata mmoja katika jengo lile. Kwa hiyo naandika ninayoyajua, kwa ajili ya yule mama na wengine wanaojiuliza swali kama lake.

Nyumba ya ushirika si nyumba ya serikali, na si kondo, yaani fleti ya ghorofani unayonunua iwe yako. Jengo zima ni mali ya chama, na wanachama ndio wanaoishi humo. Kila mwanachama ana kura moja. Wanachagua bodi kutoka miongoni mwao, wanapitisha bajeti kwenye mkutano wa wanachama, na bajeti hiyo ndiyo inayoamua kila nyumba ilipe kiasi gani kwa mwezi. Hakuna mwenye nyumba anayetafuta faida juu ya gharama. Siku ukihama unarudishiwa amana uliyoweka mwanzoni, basi. Huuzi chochote, kwa sababu hukununua chochote cha kuuza. Wapo wanaoona hiyo ni hasara. Mimi naona ndiyo sababu ya nyumba hizo kubaki nafuu: hakuna aliyewahi kutoka na faida ambayo anayefuata angelazimika kuilipa.

Nimekulia Marangu. Baba alikuwa mwanachama wa chama cha msingi kilichokusanya kahawa kwa ajili ya KNCU, ule muungano wa wakulima wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Unapeleka kahawa, inapimwa, unaandikiwa, unapokea malipo ya awali, halafu unangoja malipo ya pili mpaka kahawa iuzwe mnadani. Unangoja huku unahudhuria mikutano, maana asiyehudhuria hajui hesabu zilisomwaje. Kusubiri nyumba ya ushirika kunafanana sana na kule kungoja kwa baba.

Sasa, kwa nini foleni ni ndefu hivi? Wengi wetu tunadhani ni upendeleo. Sababu yenyewe ni kwamba nyumba hazikujengwa. Mwaka 1973 Kanada ilirekebisha sheria yake ya makazi, serikali kuu ikaanza kuviwezesha vyama vya ushirika kupata mikopo ya kujenga. Ndipo yalipoinuka majengo mengi tunayoyaona leo, yakiwemo yale ya mtaa wa St. Lawrence, kando ya barabara ya Esplanade, kwenye ardhi iliyokuwa ya viwanda na maghala. Mwaka 1992 serikali kuu ikaufuta mpango huo. Mwaka 1995 serikali mpya ya jimbo letu la Ontario nayo ikafuta wa kwake. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 30, nyumba za ushirika zilizojengwa ni chache mno, huku watu wakizidi kumiminika mjini, na mimi nikiwa mmoja wao.

Aliyeko ndani naye hana haraka ya kutoka. Aende wapi? Chumba kimoja na sebule kinachotangazwa leo Toronto ni kawaida kuzidi dola 2,000 kwa mwezi. Tena kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi mapema: Ontario ina kiwango cha mwisho cha kupandisha kodi kila mwaka, lakini kiwango hicho hakizihusu nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba 2018. Kwenye nyumba hizo mwenye nyumba anakupa notisi ya siku 90, na kiasi anapanga mwenyewe. Mimi nimepanga kwenye kondo ya namna hiyo, Scarborough, hapa hapa Toronto. Naangalia wazee kwenye nyumba ya kutunzia, mshahara wangu unajulikana hadi senti ya mwisho, na notisi ya kodi ikija nalazimika kuomba zamu za usiku. Wanangu wawili wanajua kwamba notisi ikifika, mama haonekani wikiendi. Ndiyo maana naipigania foleni hii.

Kuna orodha za aina mbili, na nawaomba sana msizichanganye. Ya kwanza ni ya jiji, kwa ajili ya nyumba ambazo kodi inapimwa kwa kipato, kwa kawaida kama asilimia 30 ya mapato ya familia. Orodha hiyo ni moja kwa jiji zima, na vyama vingi vya ushirika huchukua watu kutoka humo kwa nyumba zao zenye ruzuku. Hata aliyeomba ukimbizi na bado anasubiri uamuzi anaweza kujiandikisha. Kusubiri kwenye orodha hiyo kunaweza kupita miaka kumi. Kila mwaka unatakiwa kuthibitisha kwamba bado unahitaji, na siku hizi ukikataa nyumba ya kwanza unayopewa unaweza kuondolewa kabisa. Zamani ulikuwa na nafasi tatu. Kwa hiyo kabla hujachagua majengo kwenye fomu, nenda ukayaone. Usiweke tiki mtaa ambao huwezi kuishi.

Ya pili ni orodha ya chama chenyewe, kwa nyumba zinazolipiwa ada kamili. Ada hiyo mara nyingi ni pungufu ya kodi ya mtaani kwa mamia ya dola. Hapa kila chama kina orodha yake, fomu yake na utaratibu wake. Toronto ina vyama zaidi ya mia moja, na vingi vimefunga orodha kwa sababu waliokwisha kuandikwa wanatosha kwa miaka mingi. Hufunguliwa kwa muda mfupi kisha zikafungwa tena, na tangazo linawekwa kwenye tovuti ya chama, au kwenye ile ya shirikisho la vyama vya ushirika wa nyumba la Toronto. Aliyeangalia mara moja mwaka juzi akakuta pamefungwa, akakata tamaa, huyo hajakataliwa na mtu. Nilijiwekea utaratibu wa kuangalia kila ninapopokea mshahara, na hivyo ndivyo nilivyoiona yangu.

Fomu sina la kusema juu yake, ni fomu kama nyingine. Usaili ndio unaowatisha watu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza tuliitwa kwenye mkutano wa maelezo. Ulifanyika kwenye ukumbi mdogo wa jengo, sakafu ya chini, jirani na chumba cha kufulia. Mashine zinasikika zikizunguka mkutano mzima. Aliyetuelezea alikuwa mzee mmoja mwanachama, amestaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuanza na masharti. Alitugawia karatasi ya bajeti ya mwaka ule, akatusomea mstari kwa mstari: mkopo wa jengo, kodi ya majengo, maji, bima, mishahara ya ofisi, akiba ya matengenezo. Alipofika kwenye akiba ya matengenezo akasimama, akatuonyesha dari, penye alama ya kahawia ya maji yaliyovuja. Akasema paa hilo litabadilishwa, na pesa ni hizi hapa. Mwaka ule wanachama walipiga kura ya kupandisha ada yao wenyewe ili zitimie. Halafu akatuuliza: ungekuwa humu, kura yako ungeipeleka wapi?

Ukumbi ulikuwa kimya. Mimi nilinyoosha mkono nikasema ningeomba kwanza kuona makadirio ya fundi zaidi ya mmoja, yakiwa ya haki ningekubali. Mzee akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Ila nilielewa kwamba pale hawatafuti mpangaji.

Usaili wenyewe ulikuja baadaye, na wanakamati watatu, wote wakazi wa jengo lile. Waliniuliza kwa nini nataka ushirika na si nyumba nyingine yoyote ya bei nafuu. Waliniuliza ningefanya nini jirani wa juu akipiga muziki usiku. Waliniuliza naweza kujitolea kazi gani, kwa kuwa kila mwanachama anatarajiwa kushika jambo: bustani, kamati ya fedha, kukaribisha wageni, kufagia theluji. Nikawaambia zamu zangu zinabadilikabadilika, mikutano ya jioni sitaiweza yote, lakini kupika kwa ajili ya watu wengi naweza, na kutafsiri kwa wakazi wanaozungumza Kiswahili naweza. Hawakukunja uso. Mmoja aliuliza pilau inapikwaje. Waliomba barua ya mwenye nyumba wangu, hati za mshahara na ruhusa ya kuangalia historia yangu ya mikopo. Mwenye historia changa, kama wageni wengi, asiogope; apeleke risiti za kodi zote alizolipa, zimepangwa kwa miezi. Mimi zangu nilikuwa nazo kwenye bahasha moja.

Nilipokuwa Dar nilipanga Tabata, na dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja kwa kunionyesha tu mlango, kabla mwenye nyumba hajadai ya miezi sita mkononi. Hapa hakuna aliyeniomba hata dola moja ya kunisogeza mbele. Akitokea mtu akakwambia ana njia ya kukuingiza kwenye ushirika kwa malipo, iwe Mswahili mwenzio au nani, huyo anakuibia. Naomba mlisambaze hili.

Jambo linalowatoa watu kwenye orodha kuliko yote ni simu. Rafiki yangu mmoja, kijana wa Tanga, alisubiri miaka, katikati ya kusubiri akahamia Brampton na kubadilisha namba. Chama kikampigia, kikamwandikia barua pepe ya zamani, kimya. Kikaenda kwa anayefuata. "Dada," aliniambia, "nafasi yangu ilipita mbele ya macho yangu, mimi nimelala." Wanaoshughulikia orodha hizi mara nyingi ni wafanyakazi wawili watatu wa ofisi ndogo, na nyumba haiwezi kukaa tupu mwezi mzima ikikungoja. Ukihama, ukibadilisha namba, ukipata mtoto, mwenzi wako akifika kutoka nyumbani, andika siku hiyo hiyo, na utunze majibu yao.

Hilo la mtoto lina uzito wake. Ukubwa wa nyumba unafuata idadi ya watu, kwa kawaida wasiozidi wawili kwa chumba cha kulala. Tena kuna orodha ya ndani: wanachama ambao tayari wanaishi humo na familia zimekua, au zimepungua, ndio wanaofikiriwa kwanza nyumba inapoachwa wazi. Nyumba za vyumba vitatu karibu zote zinaishia kwao. Nilipoambiwa hivyo nilikubali kuandikwa kwenye vyumba viwili, ingawa binti yangu na mdogo wake wa kiume hawatalala chumba kimoja milele. Nikishaingia, nitakuwa na haki ya kujiandikisha kwenye orodha ya ndani kama mwanachama yeyote. Bora nisubiri chumba cha tatu nikiwa ndani, nikilipa ada niliyoipigia kura mwenyewe.

Nina hasira na miaka ile 30, siifichi. Watoto waliozaliwa mwaka 1992 sasa ni wazazi, nao wako nasi kwenye foleni hii. Mwaka 2024 serikali kuu ilifungua mpango mpya wa dola bilioni 1.5 kwa ajili ya ushirika wa nyumba, na huku kwetu Scarborough, karibu na kituo cha Kennedy, kuna mradi wa nyumba 612 za ushirika. Hizo 612 zitajaa siku zitakapotangazwa, na inabidi nyingine zifuate. Mgombea akigonga mlango wangu, hilo ndilo ninalomuuliza. Lakini nyumba 612 ni nyumba 612, na familia zetu zinaweza kuwemo. Tayarisheni hati za mshahara, barua ya mwenye nyumba na risiti za kodi kuanzia sasa. Nitakapoona orodha ya Kennedy imefunguliwa, nitaweka taarifa hapa siku hiyo hiyo.