Sindano ya tatu

Msimu wa korosho uliopita, hapa Mtwara, tulimpokea mtoto wa miezi 18 aliyemwagikiwa uji wa moto. Mikono, mapaja na miguu vilikuwa vimeungua, hivyo hapakuwa na mahali ambapo kanula, ule mpira mdogo wa dripu, ingedumu, tukaamua kumwekea mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni.

Njia yenyewe ni ile aliyoieleza Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953: sindano hutangulia, waya mwembamba hupitishwa ndani yake, sindano hutolewa, kisha mpira huteleza juu ya waya. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, shingo ni fupi, mshipa una upana wa milimita chache na hubonyea unapoguswa, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, imelala ubavuni mwake, na ncha ya pafu inachungulia juu ya mtulinga. Waya nao ukizidi kuingia hugusa moyo na kuvuruga mapigo, ndiyo maana sikio langu huwa kwenye mlio wa monita muda wote.

Siku hiyo altrasaundi, mashine inayoonyesha mshipa ulipo, ilikuwa wodi ya wazazi (tunayo moja tu), nami nikaenda kwa kupapasa. Sindano ya kwanza ilitoa damu nyekundu inayoruka, yaani nilichoma ateri, tukakandamiza kwa dakika 10. Ya pili haikupata kitu, na hapo ndipo nilipopaswa kuisubiri mashine. Ya tatu ilipata.

Kabla ya kwenda eksirei, bibi wa mtoto, mwenyeji wa Tandahimba, aliniita.

“Mwanangu, mbona kifua upande huu hakipandi?”

Nilifunua shuka nikaona kweli. Hewa ilikuwa imejaa kati ya pafu la kulia na ukuta wa kifua, ikabidi tumwekee mpira mwingine mbavuni, ulioishia kwenye chupa ya maji, na kila alipolia mapovu ya hewa hiyo yalitoka.

Mpira wa shingoni wenyewe, cha ajabu, ulikaa mahali pake, kwa hiyo tuliuacha. Kila asubuhi tulijiuliza kama bado unahitajika, kwa kuwa kila siku inayoongezeka huongeza hatari ya maambukizi na ya damu kuganda. Kiungio chake tulikisugua kwa spiriti kabla ya kila dawa, na uso wa mtoto tuliuangalia usije ukavimba.

Siku ya tatu bibi aliniita tena, akanionyesha chupa. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti yake yote, na maji yametulia.