Ngeli iliwapa maksi za bure, nikaziondoa

Anayesema takriri ya sauti, yaani kurudia sauti moja mwanzoni mwa maneno ya shairi, hufundishwa kwa "chagua herufi moja, kila neno lianze nayo" hajapata kusahihisha rundo la madaftari. Mimi niliambiwa hivyo kwenye semina, na bwana mmoja aliyevaa vizuri sana. Nikarudi Wete, Pemba, nikalifuata agizo lake kama lilivyo kwenye darasa la tano. Nikaletewa "Baba Bakari bamia baridi baiskeli bado". Kisiwa kilichowatoa washairi Kamange na Sarahani, halafu bamia baridi!

Aliyenimaliza hasa ni kibinti mmoja wa dawati la mbele, mpole, hata kuomba ruhusa ya kutoka nje anaona haya. Kaandika: "Kisu kikali kidogo kipya kile kimoja kimepotea kisimani." Kila neno K, maana kamili, sarufi safi. Nikampa kumi kwa kumi. Kesho yake skuli nzima imeijua siri: madaftari yamejaa viti, vikombe na vijiko. Mwengine akaja na "Watoto wazuri wawili wale wanene wanalia", akanambia, "Maalim, hii haina kazi, inajiandika."

Na kweli inajiandika. Ngeli ya nomino inayapa maneno yote kiambishi kimoja, ndiyo inayofanya kazi, mtoto kakaa tu.

Basi nikatoa amri: kiambishi hakihesabiwi. Menya neno, sikiliza mzizi unaanza na sauti gani. Kikali inabaki kali, sawa. Kidogo inabaki dogo, kipya inabaki pya, zote nje. Malalamiko yalisikika mpaka ofisini. Na ile "kila neno" nikaifuta. Matatu katika mshororo yanatosha, mradi yasikae mbali mbali hata sikio likasahau.

Halafu nikawanyang'anya macho. Mmoja anasoma mshororo wake, wenzake wamefumba macho, na kila wakiisikia sauti ya siku wanagonga meza. Kwa macho, shuka na samaki zinaanza na S. Kwa sikio hazijuani kabisa, na mezani ugomvi ulikwisha wenyewe. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama tunasoma maulidi. Anayegongewa zaidi anapata ubuyu, elfu tatu nne hivi kwa wiki, mfukoni mwangu. Vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, msivitaje mapema, jamani. Mtoto akishaanza kutafuta kina, hasikii kitu kengine.

Msimu wa karafuu ulipoanza, mtoro wangu mkubwa akarudi na hii:

Kaka kakwea, kakwama, kwenye kilele kakaa

Meza zilitaka kuvunjika. Lakini nilikuwa nimewafunza vizuri mno: wakapinga. "Ka hiyo kiambishi, Maalim! Kila siku tunasema kaja, kaenda, kalala. K ya bure hiyo!" Nikampa mwenyewe chaki, akamenya ubaoni mbele ya maadui zake. Kwenye na kilele zikaanguka. Zikabaki kaka, kwea, kwama, kaa. K imesimama palepale, na mizani, yaani silabi, ni nane kwa nane, siku ambayo sikuitaja mizani hata kidogo. Jioni nilijisifu nyumbani kama niliyeukwea mkarafuu mimi.

Tangu hapo nawaambia waanzie na kilicho karibu nao. Wale wa dawati la nyuma, ambao nilishawakatia tamaa, walichagua popo wetu, hawa wakubwa ambao hawapatikani pengine popote duniani (na P hizo sikuzipanga):

Popo wa Pemba wapaa, pepo zikipiga pwani

Menya utakavyo, P haitoki. Bwana wa semina ningempelekea, ila namba yake sikuichukua.

Muhula ujao naingia kwenye ng'. Tunao ng'ombe, ng'oa, ng'ata, ng'ara na ng'ang'ania, na mchezo wa ng'ombe tunao hapa hapa, kwa hiyo hakuna wa kusema hana la kuandika. Nimejaribu mwenyewe, nimefika mizani 13 nikakwama kama yule kaka. Mwenye mshororo wa 16 aulete. Ubuyu wake upo.